Namna ya Kugeuza Vipimo vya Nishati: Hesabu za Dukani Kwangu Kigoma

Nauza betri, paneli za sola, taa za wavuvi na vikorokoro vingine vya umeme hapa Mwanga, Kigoma mjini. Kwenye kaunta yangu kila bidhaa ina kipimo chake. Betri imeandikwa Ah (ampea-saa), pawabenki mAh (miliampea-saa), taa W (wati), kiyoyozi BTU (kipimo cha joto), na wanaokuja na injini za boti wanaongelea HP (nguvu farasi). Duka la jirani kuna mitungi ya gesi inayouzwa kwa kilo na biskuti zenye kcal na kJ ubavuni. Mteja akiuliza "kipi kina nguvu kuliko kingine?" hajauliza vibaya. Vyote hivyo vinaweza kupangwa kwenye mstari mmoja, mradi ujue pa kuanzia.

Mimi navileta vyote kwenye wati-saa (Wh), na vikizidi ukubwa, kwenye kilowati-saa (kWh). Kilowati-saa moja ndiyo ile uniti moja unayonunua kwa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mwalimu wa fizikia atakuambia kizio rasmi cha nishati ni jouli, na yuko sahihi kabisa, ila sijaona mtu anayekwenda kwa wakala kununua jouli. Uniti kila mtu anaijua uzito wake mfukoni, kwa hiyo hesabu ikiishia kwenye uniti, mtu anaielewa bila kufafanuliwa.

Kabla ya hesabu, uliza: hii ni nishati, au ni kasi ya kuitumia?

Makosa mengi ninayoyaona hayatokani na kuzidisha vibaya. Yanatokana na kugeuza kitu kisichogeuzika. Wati haiwezi kuwa wati-saa mpaka utaje muda. Wati ni kama mwendo wa basi na wati-saa ni umbali: ukiniambia basi la Kasulu linakwenda kilomita 80 kwa saa, bado hujaniambia limefika wapi.

Kwa hiyo W, kW, MW na HP ni kasi. Jouli, wati-saa, kilowati-saa, kalori na BTU ni nishati. Ah na mAh si nishati wala si kasi. Nitazieleza chini, maana ndizo zinazoleta ugomvi dukani. Kilo ya mkaa na lita ya mafuta ni mizigo iliyobeba nishati, nazo zinahitaji namba moja ya ziada.

Ukishajua hivyo, utaanza kuona habari za ajabu. Mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi, hapa mkoani kwetu, unatajwa kwa megawati 49.5. Hiyo ni kasi. Ukiendeshwa kwa uwezo wake wote kwa saa moja unatoa megawati-saa 49.5, yaani uniti 49,500. Anayesema "megawati 49.5 kwa siku" ameunganisha vitu visivyoungana. Vilevile anayeandika kW/h kwenye tangazo. Kilowati haigawanywi kwa saa, inazidishwa kwa saa. Andika kWh, basi.

Namba chache za kukariri

Saa moja ina sekunde 3,600, na wati moja ni jouli moja kwa sekunde. Kwa hiyo wati-saa moja ni jouli 3,600, na kilowati-saa moja ni jouli 3,600,000, yaani megajouli 3.6. Hiyo 3.6 ndiyo namba ninayoitumia kuliko zote. Megajouli zozote zile, gawanya kwa 3.6, umepata uniti.

Kalori moja ni joto la kupandisha gramu moja ya maji kwa nyuzijoto moja ya Selsiasi, nayo ni jouli 4.184. Kwenye vyakula wanatumia kilokalori, kcal, ambayo ni kilojouli 4.184. Uniti moja basi ni kama kcal 860. BTU ni wazo hilohilo kwa vipimo vya Kiingereza: joto la kupandisha ratili moja ya maji kwa nyuzi moja ya Farenhaiti. Ratili ni gramu 453.6, nyuzi ya Farenhaiti ni tano ya tisa ya nyuzi ya Selsiasi. Zidisha: 453.6 × 5 ÷ 9 = 252. BTU moja ni kalori 252, au karibu jouli 1,055. Na uniti moja ni BTU 3,412.

Aliyetuwezesha kuweka joto na kazi kwenye mstari mmoja ni Mwingereza James Prescott Joule (1818–1889), aliyelelewa kwenye familia ya watengeneza bia. Miaka ya 1840 aliteremsha mawe ya mizani yakazungusha makasia ndani ya chombo cha maji, akapima maji yamepata joto kiasi gani. Kazi ya jiwe kushuka ikageuka joto, tena kwa uwiano uleule kila mara. Bila uwiano huo, kalori na wati-saa zingebaki kila moja na dunia yake.

Namna ya kugeuza bila kuchanganyikiwa ugawanye au uzidishe

Andika sehemu yenye kiasi (namba ya juu) na asili (namba ya chini) vinavyolingana, halafu panga ili kizio usichokitaka kikatike. Chukua pakiti ya biskuti ya gramu 100 yenye kJ 2,000. Nataka uniti. Najua kWh 1 = kJ 3,600. Naandika:

2,000 kJ × (1 kWh ÷ 3,600 kJ) = 0.556 kWh

kJ ya juu imekatana na kJ ya chini, imebaki kWh. Ningeweka sehemu kichwa chini, vizio visingekatana, ningebaki na kJ zimezidishana na kJ nyingine, na hapo ningejua nimepotea kabla hata ya kushika kikokotoo.

Halafu kuna ukaguzi wa macho. Kizio kikiwa kidogo, namba inakuwa kubwa. Jouli ni ndogo sana, uniti ni kubwa. Ukitoka kJ kwenda kWh namba lazima ishuke. Ikipanda, rudi nyuma.

Na usiniletee jibu la 0.5555556. Ile namba ya kwenye pakiti yenyewe ni ya kukadiria. Tarakimu mbili au tatu zinatosha kwa biashara yoyote ya hapa Mwanga.

Jibu hilo lakini lisikupite: pakiti moja ya biskuti ina wati-saa 556. Liweke kichwani tunapokwenda kwenye betri.

Ah, mAh, na mzee wa Katonga

Mzee mmoja mvuvi wa Katonga aliingia dukani na pawabenki ya mjukuu wake mkononi.

"Mwanangu, hii imeandikwa elfu ishirini. Hiyo betri yako imeandikwa sabini na tano. Mbona bei zimekaa kinyume?"

"Shikamoo mzee. Karibu ukae."

"Marahaba. Nimeshakaa, nijibu."

Nikaigeuza pawabenki, nikamwonyesha maandishi ya mgongoni, yale ya herufi ndogo kama mayai ya chawa: 20,000 mAh, 3.7 V, 74 Wh. Nikamwambia asome ya mwisho. "Sabini na nne," akasema. Nikachukua kalamu, nikaandika juu ya boksi la betri: 75 × 12 = 900. Ah ukizidisha kwa volti unapata wati-saa. Betri ya Ah 75 yenye volti 12 ni Wh 900. Pawabenki ya "elfu ishirini" ni Ah 20 tu, maana herufi m ndogo mbele ya Ah inasema gawanya kwa elfu. Mara volti 3.7, Wh 74.

"Kwa hiyo hizi zinaingia kumi na mbili humo."

"Kumi na mbili na chenji."

Akanyamaza kidogo, halafu akauliza swali ambalo vijana wengi hawaulizi: "Na hizo mia tisa zote ni zangu?"

Hapana, si zote. Betri ya risasi, iwe ya maji au ya jeli, ukiifyonza mpaka chini kila usiku inakufa mapema. Mimi nahesabu nusu: Wh 450. Betri ya lithiamu unaweza kutumia asilimia 80 au zaidi, na hilo ni sehemu ya sababu ya bei yake. Taa zake za kuvutia dagaa kwa pamoja ni wati 40. Gawanya: 450 ÷ 40 = saa 11 na dakika. Usiku mzima wa giza unatosha, kuanzia kuwasha mpaka kuvuta nyavu alfajiri.

Kuirudishia chaji ni hesabu ileile kinyume. Kati ya paneli na betri kuna upotevu: waya, kontrola, joto la betri yenyewe. Nagawanya kwa 0.8. 450 ÷ 0.8 = Wh 563. Kwa siku nzuri nahesabu jua kamili la jumla ya saa tano, kwa hiyo 563 ÷ 5 = wati 113. Namuuzia paneli ya wati 150, kwa sababu masika yakianza hizo saa tano zinakuwa hadithi. Kuna mafundi wanaohesabu paneli ya wati 150 kama inatoa wati 150 kutoka jua linapochomoza mpaka linapozama ng'ambo kule Kongo. Hao ndio wateja wao wanaishia kwangu.

Bado pawabenki. Watu wanalalamika kwamba simu yao ni mAh 5,000, pawabenki mAh 20,000, lakini haijazi simu mara nne. Usigawanye mAh kwa mAh kama volti hazifanani. Simu: Ah 5 × V 3.85 = Wh 19. Pawabenki: Wh 74, na katika kupandisha umeme kutoka volti 3.7 hadi 5 na kuushusha tena ndani ya simu kuna kiasi kinapotea kwa joto. Chukua asilimia 85, inabaki Wh 63. 63 ÷ 19 ni mara tatu na kidogo. Mtengenezaji mwaminifu huandika pia ujazo wa kutoa kwa volti 5, na utaukuta uko kama mAh 12,000 hivi. Hajaibiwa mtu hapo. Ni nishati ileile iliyogawanywa kwa volti kubwa zaidi.

Kwa wanaopanda ndege kwenda Dar: kikomo cha kawaida cha pawabenki bila kuomba ruhusa ni Wh 100. Gawanya kwa 3.7, unapata Ah 27. Ndiyo sababu sokoni kuna za mAh 27,000, na ya mAh 30,000 (Wh 111) inaweza kukuletea maneno uwanjani.

Sasa rudi kwenye biskuti. Zile Wh 556 ni zaidi ya kile mzee anachokitoa kwenye betri yake usiku kucha. Betri ni ghala dogo mno la nishati, na ni zito. Chakula na mafuta ndivyo vilivyoshindiliwa.

Kwa nini sola ndogo haipashi maji

Hili naulizwa karibu kila juma: "Nina betri moja na paneli moja, niwekee na hita ya maji ya kuoga." Napenda kulijibu kwa ndoo.

Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Kuinyanyua mita moja kunataka jouli 20 × 9.8 = 196. Kidogo sana, wati-saa moja inainyanyua mara 18. Kuipandisha joto kwa nyuzi moja tu kunataka 20 × 4,184 = jouli 83,680. Gawanya kwa 196: ni sawa na kuinyanyua mita 427 kwenda juu. Nyuzi moja!

Maji ya kuoga ya vuguvugu, kutoka nyuzi 25 hadi 45, ni nyuzi 20. 20 × 20 × 4.184 = kJ 1,674. Gawanya kwa 3.6 upate Wh: 465. Ndoo moja ya kuoga imemaliza usiku wote wa taa za mzee wa Katonga na imechungulia ile nusu isiyotakiwa kuguswa. Chochote chenye kazi ya kutoa joto (pasi, birika, hita, jiko la koili) kinakula namna hiyo. Taa, redio, simu na televisheni ndogo ni wageni wapole.

Kama unataka kuhakikisha namba zangu, una birika la umeme na saa ya simu. Pima lita moja ya maji. Hapa ziwani tuko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, si 100. Tabora, iliyo juu zaidi, ni kama 96. Toka 25 hadi 97 ni nyuzi 72: kJ 301, au Wh 84. Birika la wati 2,000 linatoa kJ 2 kila sekunde. Likipoteza moja ya kumi, litahitaji 301 ÷ 0.9 ÷ 2 = sekunde 167. Ikichukua dakika tatu kasoro kidogo, birika lako na umeme wako viko sawa. Ikichukua dakika nne na nusu, ama volti zimeshuka, ama lile "2000W" la kwenye stika ni mapambo.

Mkaa, gesi, kuni, mafuta ya taa

Hapa unahitaji ile namba ya ziada: kila kilo au lita inabeba megajouli ngapi. Ninazotumia ni za kukadiria, maana mkaa haufanani na gesi huchanganywa. Gesi ya mtungi MJ 46 kwa kilo. Mkaa mkavu MJ 29 kwa kilo. Kuni kavu MJ 16 kwa kilo. Mafuta ya taa MJ 35 kwa lita, dizeli MJ 36, petroli MJ 33. Gawanya kila moja kwa 3.6: gesi uniti 12.8 kwa kilo, mkaa 8, kuni 4.4, mafuta ya taa 9.7, dizeli 10, petroli 9.2.

Ukiona dizeli ni uniti 10 kwa lita usifurahi ukakimbilia jenereta. Jenereta dogo linakupa umeme wa uniti tatu tu kwa lita, au pungufu. Zilizobaki zinatoka kwenye ekzosi na kwenye joto la injini. Karabai ni balaa zaidi: karibu nishati yote ya mafuta inakuwa joto la kumchoma mvuvi uso, na mwanga ni makombo. Hilo tu linatosha kueleza kwa nini taa za LED zimeenea Kibirizi bila mtu kuhubiri.

Kwa jikoni, zidisha uniti za ghafi kwa sehemu inayofika kwenye sufuria. Jiko la mkaa la bati la kawaida, asilimia 20 kwa makadirio yangu. Gesi, 50. Umeme wa sahani ya induksheni, 85. Mtungi wa kilo 6 basi: 6 × 12.8 = uniti 77 za ghafi, nusu yake ni 38 sufuriani. Kupata 38 hizo kwa mkaa: kila kilo inakupa 8 × 0.2 = 1.6, kwa hiyo kilo 24. Kwa umeme: 38 ÷ 0.85 = uniti 45. Sasa weka bei za kwenu za siku hiyo kwenye hizo namba tatu. Bei ya uniti usiulize jirani. Chukua risiti yako ya LUKU, gawanya pesa yote uliyolipa kwa uniti ulizopata, hapo kodi na tozo zimeshaingia.

Mkaa pima kwa mizani, usipime kwa gunia. Lumbesa haijui hesabu.

Na unyevu ni mwizi. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunakula MJ 2.26, yaani uniti 0.63, kabla hujapika chochote. Kuni mbichi zinaanza kwa kulipa deni hilo. Ndugu zangu wa Tabora wanaokausha tumbaku kwa kuni za miombo wanalijua vizuri, kwa sababu wao wanalilipa mara mbili, maji ya kwenye kuni na maji ya kwenye majani. Mkulima akitaka kujua bani lake (banda la kukaushia) lina afya gani, apime kilo za majani mabichi yanayoingia na makavu yanayotoka. Tofauti ni maji. Kila kilo ya maji hayo mara 0.63 ni uniti za lazima. Kilo za kuni mara 4.4 ni uniti alizochoma. Akigawanya za lazima kwa alizochoma ataona ni sehemu gani tu ya moto wake iliyofanya kazi, na kwenye bani lenye nyufa atashika kichwa.

Chakula

Hapa haraka. Kilokalori wengi wanaiita kalori, na vifungashio vingine huandika Kalori kwa K kubwa vikimaanisha kcal. Usimeze kalori ya kweli ukidhani ni hiyo. Tofauti ni mara elfu. Pakiti yenye kJ na kcal pamoja ikague: gawanya kJ kwa kcal, lazima upate kama 4.2. Ukipata 3 au 6, aliyechapa alisinzia.

Mtu mzima anayekula kcal 2,000 kwa siku anakula 2,000 ÷ 860 = uniti 2.3. Sambaza kwa saa 24: wati 97. Ukikaa tu barazani una joto la ile balbu ya zamani ya wati 100. Nusu kilo ya unga wa sembe, kcal 360 kwa kila gramu 100, ni kcal 1,800, au uniti 2.1. Na mawese yetu: gramu 100 ni kcal 884, lita moja ina kama gramu 910, kwa hiyo lita ina kcal 8,040. Gawanya kwa 860: uniti 9.3. Imeipita petroli kidogo, imekaribia dizeli. Sisi huku tunaitia kwenye maharage.

HP na BTU

HP moja ni wati 746. Zile zilizoandikwa PS (nguvu farasi ya kimetriki) ni wati 735, tofauti ya kupuuza. Injini ya boti ya HP 15 ni kW 11.2. Ikinguruma kwa nguvu zote saa nzima, imetoa uniti 11.2 kwenye rafadha. Injini ndogo ya mipigo miwili inageuza labda moja ya tano ya petroli kuwa kazi, kwa hiyo imekula uniti 56 za petroli. 56 ÷ 9.2 = lita 6. Muulize nahodha yeyote wa Kibirizi kama hiyo namba inamshangaza.

Kiyoyozi cha "BTU 9,000" ni BTU 9,000 kwa saa, wameacha tu kuandika "kwa saa". 9,000 ÷ 3,412 = kW 2.6. Mteja akisikia hivyo anashtuka, lakini hiyo ni kasi ya kutoa joto chumbani. Umeme kinaovuta ni karibu theluthi moja ya hapo, kama wati 850, na hiyo ndiyo ya kuzidisha kwa saa ili upate uniti. Tafuta stika yenye W, achana na BTU unapohesabu bili.

Herufi ndogo na kubwa

m ndogo ni kugawanya kwa elfu, M kubwa ni kuzidisha kwa milioni. Kutoka mWh kwenda MWh kuna pengo la mara bilioni, na simu inayojisahihishia herufi haijali. k ya kilo ni ndogo siku zote. Unapoandika kwenye ujumbe wa biashara, andika neno zima, kilowati-saa au uniti, kuliko kuacha herufi moja iamue mzigo wa shilingi milioni.

Jaribu mwenyewe kwa mtungi wa kilo 15: uniti za ghafi ni ngapi, na ni sawa na betri ngapi za Ah 75 zikitumika nusu nusu? Ukipata uniti kama 192 na betri kama 427, umeshika njia. Ukipata betri isiyofika hata nusu, angalia ulipoacha ile kilo mbele ya wati.